Jinsi ya Kujijengea Mlango wa Karakana Ambao Jirani Hana

Mlango wa kawaida wa karakana ya nyumbani una kasoro kubwa. Unataka mbao chache au bamba moja la chuma, bawaba tatu, kitasa na nusu siku ya fundi. Ukiusukuma unafunguka, ukiuvuta unafungika. Hakuna mgeni atakayesimama mbele yake akauliza, "Kwani hii kitu inafanyaje kazi?" Na asipouliza, wewe utaeleza lini?

Ndiyo maana mtu makini, akishamaliza banda la matofali nyuma ya nyumba yake Goba au Kimara, akanunua grainda, drili na mashine ndogo ya kuchomelea, haanzi na stuli. Stuli ni hatari. Stuli ikiyumba, mtu wa kwanza kukaa atajua uwezo wako. Mlango ukichukua miezi sita, watu watasema una kazi kubwa.

Usione haya, historia iko upande wako. Matajiri wa Mji Mkongwe, Zanzibar, walimwaga fedha kwenye milango ya nakshi, na mingine wakaipigilia miiba ya shaba. Husimuliwa kwamba asili ya miiba hiyo ni India, ambako iliwekwa kuzuia tembo wa vita wasisukume malango. Tembo wa vita hawakuwahi kuisumbua Zanzibar, lakini miiba ipo hadi leo, inang'aa, na watalii wanapiga nayo picha. Nawe una haki yako ya kujikinga na adui asiyekuwepo.

Ukitaka ushahidi wa zamani zaidi, nenda Misri. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Heron wa Aleksandria alieleza namna ya kufungua milango ya hekalu kwa moto. Moto unawashwa madhabahuni, hewa iliyo chini yake inatanuka, inasukuma maji kutoka kwenye tungi hadi kwenye ndoo inayoning'inia. Ndoo ikizidi uzito inashuka, inavuta kamba zilizozungushwa kwenye mihimili ya milango, na milango inafunguka bila kuguswa na mtu. Moshi wa madhabahu tuuache. Ndoo tutaihitaji.

Hatua ya kwanza: chagua aina ya mlango kwa kuikataa yote yenye busara

Mlango wa kuteleza pembeni ni mzuri, lakini unataka ukuta mtupu wa kuuficha, na hapo ndipo ulipojenga mnara wa tangi la maji. Shata la kukunjwa linauzwa likiwa tayari, na kitu kinachouzwa tayari hakina simulizi. Mlango wa mota utakupa sifa wiki nzima, mpaka siku uniti za umeme wa LUKU zitakapoisha wewe ukiwa ndani, na simu yenye hela ya kununulia nyingine ukiwa umeiacha sebuleni.

Mlango unaopanda wima ndio mtu huota kwanza. Shida yake ni kwamba mlango wa mita 2.4 ukishapanda wote unahitaji ukuta wa kuukalia, nao ni mita 2.4 nyingine. Jumla ni mita 4.8, na paa lako limekomea tatu. Kupandisha paa ili mlango upite si jambo la aibu, ila litakuondolea fedha ya mlango.

Unabaki na mmoja: mlango wa vipande viwili unaokunjika katikati. Kipande cha juu kinashikwa na bawaba kwenye lenta. Cha chini kinashikwa na bawaba kwenye kile cha juu. Ukingo wa chini kabisa una beringi pande zote mbili, zinazopanda ndani ya reli zilizofungwa ukutani. Ukiinua ukingo wa chini, katikati ya mlango panatoka nje, panakunjika, na mwishowe vipande vyote viwili vinalala juu vikiwa vimebanana. Vinatoa na kivuli cha mita 1.2 mbele ya karakana, mahali pa kuweka kiti na kueleza.

Hatua ya pili: pima, na usigombane na mwashi

Pima upana wa uwazi juu, katikati na chini. Kisha pima kutoka kona hadi kona, kulia kwenda kushoto na kushoto kwenda kulia. Vipimo hivi viwili vikilingana, mwashi wako mwongezee posho. Visipolingana, usimpigie simu. Atakuambia ukuta umenyooka, futi yako ndiyo iliyopinda. Chukua upana mdogo kuliko wote, punguza sentimita moja kila upande, huo ndio upana wa mlango wako.

Sasa toka nje. Tumbo la mlango litatokeza mita 1.2 kila unapoufungua na kila unapoufunga. Katika eneo hilo kuna kamba ya kuanikia nguo, mche wa mpapai na bodaboda ya shemeji. Kamba ndiyo ya kuhamisha kwanza, kabla haijawa na shuka nyeupe.

Hatua ya tatu: fanya hesabu ambayo fundi atakuambia haina haja

Hapa hakuna mzaha. Chuma kina kilo 7,850 kwa mita ya ujazo. Bamba la futi 4 kwa 8 lenye unene wa milimita 1.5 lina uzito wa kilo 35. Kila kipande cha mlango kinakula bamba moja zima, kwa hiyo mawili ni kilo 70. Fremu ya skwea paipu ya milimita 40 kwa 40, unene 1.5, ina kilo 1.8 kwa mita. Ukihesabu mzunguko wa vipande vyote viwili na nguzo moja ya katikati kwa kila kimoja, unapata mita 17, yaani kilo 31. Ongeza bawaba, beringi na makomeo. Mlango wako una kilo 105 hivi.

Fundi akisikia kilo 105 atakwambia uweke kizani cha kilo 105, yaani mzigo wa kuvuta ukingo wa chini kwa kebo inayopita juu ya kapi. Mshukuru, kisha usifanye hivyo. Ukingo wa chini unapopanda mita moja, uzito wa mlango mzima, ukichukua wastani wake, unapanda nusu mita tu, kwa sababu upande wa juu umening'inia kwenye lenta. Kwa hiyo kebo inabeba nusu, na nusu nyingine inabebwa na lenta. Tena nusu hiyo haibadiliki: mlango ukiwa chini, ukiwa katikati, ukikaribia juu, ni ileile. Mlango wa kipande kimoja unaoinuliwa kama boneti ya gari hauna tabia hiyo. Kadiri unavyolala ndivyo unavyozidi kuwa mzito mkononi.

Nusu ya 105 ni 52 na ushee. Gawa pande mbili, kila upande ni kilo 26. Punguza kilo moja kila upande ili mlango upende kukaa chini wenyewe usiku. Unabaki na vizani viwili vya kilo 25.

Lita moja ya zege lenye kokoto ina kilo 2.4 hivi. Kilo 25 ni lita kumi na nusu, yaani nusu ya ndoo ya lita 20, na kidogo juu yake. Ndoo mbili zilizopasuka midomo, ambazo mama watoto alikwisha kuzitupa, ndizo zitakazouinua mlango wako. Heron angekuelewa.

Hatua ya nne: nenda kanunue, na uende na venia

Aliyeko Dar es Salaam ataanzia Gerezani. Aliyeko Nairobi atapita kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Kote muuzaji atakuhakikishia bamba ni "moja pointi tano." Toa venia yako polepole na upime ukingo mbele yake. Ikisoma 1.2, usibishane. Omba bei ishuke, kisha rudi kwenye hesabu ya hatua ya tatu, maana mlango umepungua kilo 14 na vizani vyako navyo lazima vipungue.

Ununue skwea paipu tatu za mita 6, mabamba mawili, bawaba za kuchomelea saba, reli mbili za chaneli na beringi mbili namba 6203. Hizo zina tundu la milimita 17 na kipenyo cha nje cha milimita 40, nazo hupatikana hata kwa wauza spea. Kebo ya waya wa chuma ya milimita 5, mita 12. Makapi mawili yenye kipenyo kisichopungua milimita 100, kwa sababu kebo inataka kapi lenye upana wa angalau mara 20 ya unene wake. Ukiizungusha kwenye kapi dogo la kamba ya nguo, nyuzi zake zitakatika mojamoja, ndani kwa ndani, na utazisikia siku ya mwisho.

Kuna mtu atakuambia makapi ni teknolojia ya kigeni. Mpeleke Bagamoyo, akaangalie jahazi. Mabaharia wa pwani wamepandisha foromali, ule mti wa tanga, kwa jarari na makapi tangu zamani sana, na hakuna aliyewahi kuita kazi hiyo ubunifu.

Hatua ya tano: chomelea, au mpishe anayejua

Fundi wa kuchomelea atafika saa sita kwa miadi ya saa mbili, atazunguka fremu mara moja na kusema, "Hii kazi ndogo, bosi." Ni sentensi hiyohiyo atakayoisema siku ya nne. Mpe kianzio kidogo, chai kubwa na kioo cha kuchomelea.

Kioo ni cha lazima. Miwani ya jua aliyoivaa inazuia jua la Kariakoo; haizuii mwali wa kuchomelea, na usiku macho yatamuwasha mpaka ahisi yamejaa mchanga. Mabomba yenye zinki yakichomelewa hutoa moshi unaoleta homa, kwa hiyo paruza zinki kwanza na uchomelee mahali penye hewa. Mtaani watakuambia unywe maziwa. Maziwa hayasafishi mapafu. Weka kwenye chai.

Usimruhusu achomelee bamba mstari mmoja mrefu kutoka kona hadi kona. Joto litalivuta, na utapata mlango wenye mawimbi. Achome sentimita mbili hapa, aruke, achome mbili upande wa pili, arudi. Atalalamika kwamba unamchelewesha. Hilo ndilo lengo: chuma kipate nafasi ya kupoa.

Hatua ya sita: bawaba, mahali ambapo ndoa nyingi na milango mingi huharibikia

Bawaba za juu, zile za kwenye lenta, pini zake zikae upande wa nje. Bawaba za katikati, kati ya kipande na kipande, pini zake zikae upande wa ndani. Rudia sentensi hizi mpaka jirani akariri. Zote zikikaa upande mmoja, mlango hautakunjika. Utasimama tu, nawe utakuwa umejenga ukuta wa chuma wenye mapambo.

Kwa kuwa za juu ziko nje, mwizi naye anaziona. Zifunike kwa kipande cha engo kilichochomelewa kwenye fremu ya lenta. Kitazuia mvua pia.

Jambo moja halitaandikwa kwenye mchoro wa fundi yeyote. Mlango huu ukifungwa mpaka ukanyooka kabisa, unajifunga. Ukivuta ukingo wa chini kwenda juu, nguvu yote inapita ndani ya mabamba na kuisukuma lenta. Hakuna kinachouambia mlango ukunjike kwenda nje. Utavuta, utaita vijana, vijana watavuta. Dawa ni kuweka kizuizi ili katikati pabaki pametokeza nje sentimita mbili au tatu hata mlango ukiwa umefungwa, na kuchomelea mshikio hapohapo katikati kwa ndani. Unausukuma nje kwa kiganja kimoja, na ndoo zinabeba karibu uzito wote. Anayetazama ataona umeusukuma mlango nao ukapanda. Usimweleze haraka.

Hatua ya saba: tundika ndoo

Kabla zege halijakauka, zamisha ndani yake kulabu ya nondo ya milimita 12 iliyopindwa mguu chini. Mshikio wa ndoo ni wa kubebea maji, si wa kubebea roho za watu. Likishakauka, peleka ndoo zote mbili kwa muuza mkaa mwenye mizani. Moja ikizidi nyingine kwa kilo tatu, mlango utapanda ukiwa umeinama upande na beringi zitang'ang'ania kwenye reli. Ipunguze nzito kwa tindo na nyundo, pole pole, mbele ya wateja wa mkaa, ambao watakupa ushauri bila malipo.

Makapi yafungwe ukutani kwa ndani, urefu wa mita 2.8, ili ndoo zipate mita 2.2 za kushuka bila kugonga sakafu. Kila ncha ya kebo ikazwe kwa klipu tatu, na kitako cha klipu kikae upande unaobeba mzigo. Kile chuma kilichopinda kibane mkia. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu inapendeza zaidi. Klipu haikuletwa kupendeza.

Mwisho, njia ya kila ndoo izungushiwe wavu wa chuma kutoka sakafuni hadi kimo cha mtu. Kilo 25 zinazoshuka kimyakimya kutoka juu ya kichwa hazipigi hodi. Mtoto akiona ndoo inapanda na kushuka, atataka kujua ndani kuna nini.

Hatua ya nane: makomeo na pini

Mlango huu haufungwi katikati, unafungwa chini. Ukingo wa chini usipopanda, hakuna kinachokunjika. Weka makomeo mawili ya nondo, kulia na kushoto, yanayoingia kwenye matundu ya reli karibu na sakafu. Kila asubuhi utapiga goti mara mbili kuyafungua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe umeutaka mwenyewe.

Juu nako toboa reli zote mbili, chini kidogo ya mahali beringi zinaposimama mlango ukiwa wazi, na uweke pini za nondo. Mlango ukifika juu, pini zinaingia kabla ya mtu yeyote kupita chini. Kebo ikikatika siku hiyo, pini itasema neno moja na mlango utabaki pale ulipo. Bila pini, mtu wa kwanza kujua kwamba kebo imekatika atakuwa aliyesimama chini yake.

Pini hizi ndizo kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika mlango mzima, na ndizo zitakazokuwa za kwanza kupotea. Zifunge kwa mnyororo mfupi palepale kwenye reli.

Hatua ya tisa: uzinduzi

Usialike watu siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni yako na fundi, mlango ukipandishwa na kushushwa mara nyingi, huku mmoja wenu amesimama pembeni akisikiliza. Kelele ya kukwaruza inamaanisha reli hazilingani. Mlango ukipanda wenyewe ulipouachia, ndoo ni nzito mno. Ukidondoka, ni nyepesi mno. Ukisimama pale ulipouachia, hata nusu ya njia, hesabu yako imekaa, na una ruhusa ya kupiga simu.

Wageni wakija, watauliza mambo matatu. La kwanza, umegharimu kiasi gani? Taja bei ya mabamba peke yake. La pili, kwa nini hukuweka mlango wa kawaida? Onyesha kivuli. La tatu litatoka kwa mama watoto, aliyekuwa ameomba rafu ya vyombo tangu Pasaka: sasa humo ndani umetengeneza nini? Hapo sukuma mlango kwa kiganja kimoja mpaka ufike juu, na utumaini.

Ukiondoa majivuno yote, mlango wa aina hii unapimwa kwa vitu viwili tu. Mtoto wa darasa la tano auinue kwa mkono mmoja, na kebo zote zikikatika kwa pamoja usimguse mtu. Ukivitimiza vyote viwili, umejenga mlango, na majigambo yako ni halali. Ukikosa kimoja, ushushe leo, weka bawaba tatu na kitasa, kisha ingia ndani ufanye kazi.